Gramu Nusu ya Etanoli

Vifaa ni vichache: taa ndogo ya spiriti, kopo jembamba la shaba, maji, kipimajoto, mizani na stendi ya kushikilia kopo. Taa yenyewe ni kibatari tu, ila ina kifuniko. Usikidharau kifuniko hicho. Bila hicho etanoli huvukiza kupitia utambi hata kabla hujawasha kiberiti, na mizani haitakuambia ipi iliungua na ipi ilitoroka.

Tunachotafuta ni entalpia ya mwako, yaani joto linalotolewa moli moja ya kitu inapoungua yote katika oksijeni, kwenye kanieneo ya kawaida. Kwa etanoli, vitabu vinatoa kJ −1367 kwa moli. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba nishati imetoka kwenye kemikali ikaenda nje. Kwa kuwa hatuna kifaa cha kuisoma entalpia moja kwa moja, tunayaachia maji yaipokee, kisha tunayauliza maji yamepata kiasi gani.

Tia gramu 100 za maji koponi na usome kipimajoto. Tuseme ni nyuzi 24. Pima taa pamoja na kifuniko chake, iwashe chini ya kopo, ukoroge maji taratibu. Yakikaribia nyuzi 44, funika utambi moto uzimike, lakini usiondoe macho kwenye kipimajoto: shaba bado ina joto la kuyapa maji, kwa hiyo namba ya kuandika ni ile ya juu kabisa. Ikiwa kilele ni nyuzi 44 na taa imepungua gramu 0.50, hesabu ni fupi. Gramu moja ya maji huhitaji juli 4.18 kupanda nyuzi moja, hivyo 100 × 4.18 × 20 ni juli 8360, au kJ 8.36. Moli ya etanoli ina uzito wa gramu 46, kwa hiyo gramu nusu ni moli 0.01087. Gawanya, upate kJ 769 kwa moli.

Hiyo ni asilimia 56 tu ya thamani ya kitabuni. Wengi huandika hapo "makosa ya jaribio" na kufunga daftari, na mimi naona ndipo jaribio linapoanza kunoga, maana joto halipotei hivi hivi. Lazima liko mahali.

Sehemu yake imo kwenye kopo lenyewe. Kama lina gramu 120, na gramu ya shaba huhitaji juli 0.385 kwa kila nyuzi moja, basi limechukua juli 924. Ziongeze, na jibu linapanda hadi kJ 854. Sasa geuza kopo uangalie kitako chake: kimejaa masizi. Hayo ni kaboni ambayo mizani imeihesabu kuwa imeungua, ilhali haikuungua. Kila moli ya kaboni inayoishia kuwa masizi imetunyima kJ 394. Inayoishia kuwa kaboni monoksaidi imetunyima kJ 283. Sehemu kubwa zaidi huwa imepanda na hewa ya moto pembeni mwa kopo bila kuyagusa maji. Kuzungushia kinga ya upepo kunasaidia, na kulifunika kopo pia. Kulisogeza karibu na mwali kunasaidia mpaka kiwango fulani. Ukizidisha, mwali unapoa, unakosa hewa, unageuka wa njano na masizi yanaongezeka.

Watu wanaopima majiko ya mkaa hutumia mlinganyo huu huu kinyumenyume. Wao wanalijua tayari joto la mkaa. Wanachemsha maji ili wajue jiko linapoteza kiasi gani.

Na sisi tunaweza kuitumia hasara hiyo. Choma etanoli kwanza: jibu la kitabuni ukigawanya kwa lako, 1367 kwa 769, unapata 1.78. Sasa choma propanoli kwa kopo lile lile, kwa umbali ule ule. Tuseme umepata 1120. Zidisha kwa 1.78 na unafika 1994, si mbali na 2021 ya vitabuni. Kwa butanoli njia hii inalegea, kwa kuwa mwali wake una masizi zaidi. Hata hivyo mpangilio unaonekana: methanoli 726, etanoli 1367, propanoli 2021, butanoli 2676. Kila kaboni moja inayoongezeka pamoja na hidrojeni zake mbili huleta takriban kJ 650, na kopo la shaba linatosha kukuonyesha kwamba ngazi hiyo ipo.

Maabara kubwa hutumia kalorimita ya bomu, aliyoitengeneza Marcellin Berthelot wa Ufaransa katika karne ya 19: chombo kinene cha chuma kilichojazwa oksijeni yenye kanieneo ya takriban mara 30 ya hewa ya kawaida, kikazamishwa majini na kuwashwa kwa umeme. Humo masizi hayana nafasi, wala hakuna mwali wa kupeperushwa. Lakini hata chombo hicho hakijui chenyewe kinameza joto kiasi gani. Kwanza huchomwa asidi benzoiki, ambayo gramu yake moja inajulikana kutoa karibu kJ 26.4, ndipo kiaminiwe kwa kingine chochote. Na kwa kuwa bomu halitanuki, joto lake si entalpia hasa. Kwa etanoli tofauti ni kJ 2.5 kwa moli, kiasi ambacho kipimajoto chetu cha darasani hakiwezi hata kukihisi.