Jicho Hupokea, Ubongo Huona: Kazi ya Torsten Wiesel

Torsten Wiesel alizaliwa Uppsala, Uswidi, mwaka 1924. Alihitimu udaktari katika Taasisi ya Karolinska mwaka 1954, na mwaka uliofuata akaenda Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, katika maabara ya Stephen Kuffler. Uzito wa kazi yake hauonekani mpaka tulielewe swali alilolikuta hapo.

Retina ni utando wa seli ulio nyuma ya jicho. Hugeuza mwanga kuwa mishtuko ya umeme. Mwaka 1953 Kuffler alionyesha kwamba seli za retina zinazopeleka taarifa ubongoni huitikia zaidi kitone cha mwanga kilichozungukwa na giza, au kitone cha giza kilichozungukwa na mwanga. Lakini taarifa hizo zikishafika ubongoni, zinafanyiwa nini?

Mwaka 1958 Wiesel alianza kulitafuta jibu pamoja na David Hubel, mzaliwa wa Kanada. Walimlaza paka kwa dawa ya usingizi, wakapenyeza waya mwembamba hadi sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, wakauunganisha na kipaza sauti ili kila mshtuko wa seli usikike. Walimwonyesha vitone kwa saa nyingi, na seli haikujibu. Walipokuwa wakipachika kipande cha kioo kwenye kifaa cha kuonyeshea, ghafla ikatoa milio mfululizo. Kilichoiamsha hakikuwa kitone, bali ukingo wa kioo uliopitisha kivuli cha mstari mwembamba.

Walipofuatilia waligundua kwamba seli nyingi za sehemu hiyo huchagua mwelekeo: hii huitikia mstari uliosimama, ile mstari ulioinama. Kumbe ubongo haupokei picha iliyokwisha kukamilika. Huijenga, ukianzia na mistari na kingo.

Mwaka 1959 maabara ilihamia Harvard, na swali la pili likazaliwa: je, uwezo huo unadumu hata usipotumika? Walimfumba paka mchanga jicho moja kwa takriban miezi mitatu ya mwanzo, kisha wakalifumbua. Retina ilikuwa inafanya kazi, lakini ubongoni karibu seli zote zilikuwa zikiitikia jicho lile jingine tu. Paka aliyekomaa alipofumbwa jicho vivyo hivyo, hakudhurika. Muda huo wa utotoni ambamo ubongo hujipanga kwa kutegemea kile jicho linachoona huitwa kipindi nyeti.

Ushirikiano wao ulidumu takriban miaka 20. Mwaka 1981 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Roger Sperry aliyetuzwa kwa utafiti mwingine wa ubongo. Wiesel alihamia Chuo Kikuu cha Rockefeller mwaka 1983 na kukiongoza kuanzia 1991 hadi 1998. Kwa miaka kumi, hadi 2004, aliongoza pia Kamati ya Haki za Binadamu ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani.

Sasa tuyatie matokeo hayo katika tiba. Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda kwenye lenzi. Mzee aliyengoja mwaka mzima, akipasuliwa, kwa kawaida huona tena, kwa kuwa ubongo wake ulikwisha kujifunza kuona. Mtoto aliyezaliwa na ukungu huo akicheleweshwa kwa miaka, upasuaji unaweza kufanikiwa kabisa na lenzi kuondolewa, lakini kuona kwake kukabaki hafifu.

Hivyo basi, kumwambia mzazi asubiri mtoto akue kwanza ni ushauri wenye madhara. Ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, au macho yake hayafuati uso wako, mpeleke hospitali mara moja. Huduma ya macho ya watoto ipo, kwa mfano katika hospitali za KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam. Na baada ya upasuaji, usiache miwani wala kliniki, maana ubongo ndio kwanza unaanza kujifunza.