Siala: Tukate, Lakini Tupande

Tuulizane kwanza, wanavikundi. Ile miti ya siala iliyokatwa bomani kwenu kujengea nyumba, mahali pake mmepanda mingapi? Wengi wetu tunakata tu. Wazee waliukuta umeota wenyewe, wakauacha ukue. Leo mashamba ni madogo, mbuzi ni wengi, na mche usiolindwa hauponi. Asiyepanda sasa, kesho watoto wake watanunua nguzo sokoni Kisumu.

Tuutambue vizuri

Waluo huuita siala, Waluhya lusiola. Wataalamu huuita Markhamia lutea. Ni mti wa asili wa pande zetu hizi za ziwa. Maua yake ni ya manjano, yana umbo la tarumbeta, na ndani yana mistari myekundu. Maganda ya mbegu ni membamba na marefu, mara nyingi kupita nusu mita, nayo yananing'inia. Msiuchanganye na ule mti mdogo wa mapambo wenye maua ya manjano. Huo majani yake yana meno kama msumeno, na maganda yake ni kama shubiri moja tu.

Siala unatupa nguzo, fito, vipini vya majembe, kuni na hata mbao za mashua. Mchwa hawauli upesi. Tena ukikatwa, kisiki huchipuka upya.

Mbegu ndipo tunapokosea

Mbegu ya siala ni nyepesi sana, ina mabawa kama karatasi. Ganda likipasuka mtini, upepo unabeba zote. Kwa hiyo msingoje. Fanyeni hivi:

1. Chumeni maganda yanapogeuka kahawia, kabla hayajapasuka.
2. Yaanikeni juu ya gunia, mahali pasipo na upepo, mpaka yafunguke.
3. Sieni mapema, maana mbegu ikikaa sana hupoteza nguvu. Haihitaji kuchemshwa. Ilazeni kitaluni, mfunike kwa udongo kidogo tu, na muweke kivuli. Huota baada ya wiki mbili hivi.
4. Mche ukipata majani machache, uhamishieni kwenye mfuko wa udongo.
5. Hesabuni miezi ya kurudi nyuma: mkitaka kupanda mvua ndefu ya Machi na Aprili, sieni Oktoba au Novemba.

Kama hamna mbegu, ng'oeni kwa uangalifu, siku ya mvua, miche midogo iliyoota chini ya mti mkubwa.

Mahali pa kupanda

Siala unapenda udongo mwekundu wenye kina, kama ule wa Maseno. Haupendi kusimama ndani ya maji. Ndugu zetu wa Kano, kule kwenye udongo mweusi unaofurika, msiupande bondeni. Tafuteni pale palipoinuka. Mpakani mwa shamba, acheni mita 2 au 3 kati ya mti na mti. Zungushieni kila mche miiba mpaka upite urefu wa mbuzi.

Mkiwa na swali, ulizeni afisa wa misitu, au kituo cha KEFRI huko Maseno.

Kikundi cha watu 20, kila mmoja akitunza miche 15, ni miti 300. Basi mkutano ujao, kabla ya kuhesabu michango, tuhesabu miche.