Tairi kubwa, spidi ya uongo

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumzie jambo ambalo baadhi ya madereva wa hapa Gungu hulifanya kwa nia njema: kulivalisha gari matairi makubwa kuliko yale lililotoka nayo kiwandani. Sababu naielewa. Mwenye safari za Kasulu au Uvinza anataka gari lisimame juu, lisikwaruze tumbo kwenye mawe. Fundi naye, tairi likishaingia bila kugusa bodi, anaona kazi imekwisha. Haijakwisha. Kuna chombo kimoja kwenye dashibodi ambacho sasa kimeanza kusema uongo, nacho ni spidomita.

Spidomita haioni barabara. Inachohesabu ni mizunguko tu: katika magari ya zamani kwa waya unaotoka kwenye giaboksi, katika magari ya siku hizi kwa umeme. Huko kiwandani ilipigiwa hesabu kwamba kila gurudumu likizunguka mara moja, gari limekwenda umbali fulani. Wewe ukibadili tairi, umbali ule umebadilika, lakini spidomita haina habari.

Tuchukue mfano. Tairi limeandikwa ubavuni 195/65 R15. Hiyo 195 ni upana kwa milimita. 65 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi hilo likizunguka mara moja, gari husogea kama mita 1.99. Sasa vaa 205/70 R15. Rimu ni ile ile, lakini mzunguko mmoja ni kama mita 2.10. Tofauti ni asilimia 5 na ushei. Kama spidomita ilikuwa sahihi, mshale ukiwa kwenye 50 wewe uko karibu 53. Ukiwa kwenye 80, uko 84.

Utasema, kilometa tatu ni nini? Kwanza, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na tochi ya trafiki haiulizi mshale wako ulisemaje. Pili, na hili ndilo kubwa, mwendo ukizidi kwa asilimia 5, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huzidi kwa kama asilimia 10. Kwa mtoto anayevuka barabara, au mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa, hatua hizo chache ndizo uhai wake.

Tena wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kihesabu kilometa nacho hufupisha njia: kikisoma 5,000, gari limekwenda zaidi ya 5,260, na oili imepitiliza muda wake. Ukivaa matairi madogo, mambo hugeuka: mshale huzidisha, na gari la kukodi kwa kilometa humlipisha mteja safari ambayo hakwenda. Hata tairi lililoisha kashata hupungua kimo, na mshale ukazidisha kwa asilimia 2 hivi.

Kujipima si kazi. Tafuta barabara kuu yenye vibao vya kilometa, shika 60 bila kuyumba, na abiria aangalie saa. Kutoka kibao hadi kibao ziwe sekunde 60. Zikiwa 57, unakwenda 63. Simu inayopima mwendo kwa setilaiti nayo itakuambia, maana yenyewe haitegemei tairi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua tairi, soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Katika magari mengi saizi imeandikwa hapo. Ukilazimika kubadili, tofauti ya kimo isizidi asilimia 3. Na ukishazidisha, usimlaumu trafiki: punguza mguu, mshale usome chini ya kikomo.