Amarjit Chandan: Mzaliwa wa Nairobi anayeitetea lugha ya mama akiwa London

Katika mji wa Slough, magharibi mwa London, shairi moja fupi lilichongwa juu ya jiwe refu na kuwekwa kwenye barabara kuu ya mji huo. Limechongwa kwa lugha mbili, Kipunjabi na Kiingereza. Mtunzi wake ni Amarjit Chandan, aliyehamia Uingereza mwaka 1980, na ambaye muda wote huo ameendelea kutunga kwa lugha aliyolelewa nayo utotoni.

Waandishi wengi wenye asili ya Bara Hindi wanaoishi Ulaya na Marekani wamechagua kuandika kwa Kiingereza, na baadhi yao wamejipatia sifa kubwa. Chandan naye anakimudu Kiingereza, kiasi cha kushiriki mwenyewe katika kuyatafsiri mashairi yake. Diwani yake ya Sonata for Four Hands, iliyochapishwa mwaka 2010 na kuandikiwa dibaji na mwandishi John Berger, ni tunda la kazi hiyo ya pamoja na watafsiri wenzake. Hata hivyo, shairi huzaliwa kwanza kwa Kipunjabi. Kiingereza hufuata baadaye.

Ili kuelewa kwa nini mtu ashikilie lugha ambayo wengi wa jirani zake hawaisomi, ni lazima kutazama alikotoka yeye, na yaliyoipata lugha yenyewe.

Kutoka Nairobi hadi Nakodar

Chandan alizaliwa Nairobi mwaka 1946. Jamii aliyozaliwa ndani yake ilikuwa imekwisha kuota mizizi Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000, wengi wao kutoka Punjab, waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wengi walirejea kwao mikataba yao ilipokwisha, lakini maelfu kadhaa walibaki, na wengine wakawafuata: mafundi seremala, makanika, makarani na wafanyabiashara.

Baba yake, Gopal Singh Chandan, alikuwa mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi katika enzi za Makhan Singh, yule kiongozi aliyedai uhuru wa Kenya hadharani mwaka 1950 na kulipia dai hilo kwa kuwekwa kizuizini kwa zaidi ya miaka 11. Makhan Singh mwenyewe alikuwa akitunga mashairi ya Kipunjabi. Kwa hiyo, katika mazingira aliyozaliwa Chandan, ushairi na siasa vilitembea pamoja.

Mwaka 1957 familia yake ilirudi Punjab na kukaa katika mji mdogo wa Nakodar. Akiwa kijana, Chandan alijiunga na vuguvugu la Wanaksali, wafuasi wa siasa za Mao waliotaka mapinduzi ya wakulima. Alifungwa jela, na kwa miaka miwili alikaa peke yake ndani ya chumba cha gereza. Baadaye aliachana na siasa za bunduki, lakini hakuachana na kalamu.

Lugha moja, hati mbili

Kipunjabi si lugha ndogo. Wanaoizungumza ni zaidi ya watu milioni 100, na nchini Pakistan ndiyo lugha ya mama ya zaidi ya theluthi moja ya wananchi. Fasihi yake ni ya karne nyingi. Beti za Baba Farid, sufii wa Kiislamu, zimo ndani ya kitabu kitakatifu cha Masingasinga, Guru Granth Sahib. Katika karne ya 18, Bulleh Shah na Waris Shah walitunga mashairi ambayo Waislamu, Wahindu na Masingasinga wote wameyahesabu kuwa yao.

Mwaka 1947 Punjab ilikatwa vipande viwili. Mamilioni ya watu walihama, na mamia kwa maelfu waliuawa. Lugha nayo ilikatwa. Upande wa India huandikwa kwa hati za Gurmukhi. Upande wa Pakistan kwa hati za Kiajemi, ziitwazo Shahmukhi. Watu wa Lahore na Amritsar, miji inayotenganishwa na mwendo wa takriban kilomita 50, wanaweza kuzungumza bila ya mkalimani, lakini wengi wao hawawezi kusomeana barua.

Wasomaji wa Kiswahili hawatashindwa kulielewa jambo hili. Tenzi za pwani ya Afrika Mashariki ziliandikwa kwa karne nyingi kwa hati za Kiarabu, na leo kuna wajukuu wengi wasioweza kusoma miswada iliyoachwa na babu zao, ingawa lugha ni ileile.

Hati hazikuwa tatizo pekee. Huko Pakistan, dola ilikikumbatia Kiurdu, na kwa miongo mingi watoto wa Kipunjabi wamesomeshwa kwa Kiurdu na Kiingereza. Huko India, katika sensa za mwaka 1951 na 1961, Wahindu wengi wa Punjab waliandikisha Kihindi kuwa lugha yao ya mama, ilhali nyumbani walizungumza Kipunjabi. Lugha ikageuzwa kuwa alama ya dini. Jimbo la Punjab lenye Kipunjabi kama lugha yake rasmi lilipatikana India mwaka 1966 tu, baada ya mvutano mrefu.

Chandan ameukataa mgawanyiko huo kwa vitendo. Mashairi yake yamechapishwa kwa hati zote mbili, na miongoni mwa waliomsaidia kuyatafsiri ni Amin Mughal, msomi kutoka Pakistan.

Lugha ya nyimbo au lugha ya fikra?

Huenda mtu akauliza: hatari iko wapi, ilhali muziki wa bhangra unapigwa kuanzia Birmingham hadi Toronto? Ni kweli, Kipunjabi kinasikika pengine kuliko wakati wowote uliopita. Lakini lugha inayobakishiwa ngoma, harusi na mizaha peke yake hunyang'anywa kazi nyingine. Mwenye lugha akitaka kujadili sheria, sayansi au huzuni yake mwenyewe, hulazimika kuazima ulimi wa mtu mwingine.

Ndiyo maana utetezi wa Chandan hauishii kwenye ushairi. Ameandika pia vitabu kadhaa vya insha kwa Kipunjabi. Kimojawapo kinaitwa Phailsufian, jina lenye asili moja na neno la Kiswahili "falsafa". Diwani zake nazo zina majina yenye maana. Jarhan ni mizizi. Gurhti ni kile kitamu anachoonjeshwa mtoto mchanga anapozaliwa. Paintee ni thelathini na tano, idadi ya herufi za asili za Gurmukhi, na ndivyo Wapunjabi wanavyoiita alfabeti yao.

Kizazi cha wajukuu

Swali gumu linabaki kuwa la wasomaji. Sensa ya England na Wales ya mwaka 2021 iliorodhesha watu wapatao 291,000 waliosema Kipunjabi ndiyo lugha yao kuu. Sensa hiyohiyo ilihesabu Masingasinga wapatao 524,000, mbali na Wapakistani wengi wenye asili ya Punjab. Bila shaka, wengi waliotaja Kiingereza wanaweza pia kuzungumza Kipunjabi. Lakini takwimu hizo zinaonyesha lugha kuu inaelekea wapi.

Juhudi zipo. Mahekalu ya Masingasinga hufundisha watoto Gurmukhi mwishoni mwa wiki, na Kipunjabi ni miongoni mwa masomo ya mtihani wa GCSE nchini Uingereza. Hata hivyo, darasa la saa mbili kwa wiki haliwezi kufanya kazi ya nyumba nzima. Bibi huuliza kwa Kipunjabi, mjukuu akajibu kwa Kiingereza, na wote wawili wakaridhika kwamba wameelewana. Kilichopotea hugundulika baadaye, siku bibi anapokuwa hayupo tena wa kuuliza.

Hali hiyo haiwahusu Wapunjabi pekee. Familia za Kiswahili zilizoko Leicester, Toronto au Minneapolis zinaijua vilevile.

Chandan hana mamlaka ya kuamua lugha gani izungumzwe katika nyumba za watu. Alichoweza kufanya ni kuiandika lugha yake kwa miaka zaidi ya arobaini ugenini, ili atakayetaka kuisoma akute kitu cha kusoma. Kwenye jiwe la Slough, maneno ya Kiingereza yataendelea kueleweka na kila apitaye. Yale ya Kipunjabi yatamhitaji mtu aliyefundishwa herufi zake akiwa mtoto.