Kurudi Mashambani Katika Uzee

Katika mji wa Bukavu wamo wazee wengi ambao macho yao hutazama mlimani. Mmoja alikuwa karani wa Leta, mwingine mwalimu, mwingine fundi wa magari. Walishuka mjini wangali vijana, wakajenga Kadutu, Bagira au Ibanda, wakazaa na kusomesha. Sasa kazi imekwisha, na malipo ya uzeeni, kwa yule anayeyapata, hayafiki mbali. Nyumba zimebanana mitelemkoni, na mvua kubwa zikinyesha udongo huteremka pamoja na kuta. Basi mzee husema: “Nitarudi kwetu Kabare,” au Walungu, au Kalehe, au kisiwani Idjwi. Neno hilo ni jema, nasi hatulipingi. Lakini twaona kwamba wengi huiandaa safari hiyo kwa siku chache kuliko wanavyoandaa arusi ya binti yao.

Jambo la kwanza ni ardhi yenyewe. Mzee hudhani kwamba shamba la baba yake lingali linamngoja kama alivyoliacha. Ardhi haingoji mtu. Katika miaka thelathini ya kutokuwapo kwake, ndugu yake amelima, amepanda migomba, amezika watoto wake pale, tena amemkabidhi mkwe wake sehemu moja. Siku mzee anapofika na lori la vyombo, ndugu yule humpokea kwa furaha na kumpa kasiksi. Lakini usiku halali, maana ajiuliza atakula nini mwaka ujao. Hapo ndipo ugomvi wa jamaa huzaliwa, wala si kwa sababu mmoja wao ni mwovu.

Ndiyo maana yafaa kujua ardhi ile ilishikwa kwa njia gani. Katika Bushi ziko desturi tatu zinazotajwa kila siku. Ya kwanza ni kalinzi: mtu alimtolea mwami au mkuu aliye chini yake ng'ombe, naye akapewa shamba la kudumu, analoweza kuwarithisha watoto wake, akawa tangu hapo mtu wa mkuu yule. Ya pili ni bwasa, nayo ni kuazimwa shamba kwa msimu au kwa mwaka, kwa malipo ya fedha, ya mazao au ya siku za kazi. Mwenye bwasa hupanda maharagwe na viazi vitamu. Hana ruhusa ya kupanda migomba wala kahawa, kwa sababu mti wa kudumu huleta madai ya kudumu. Ya tatu ni bugule, yaani kununua kwa fedha pasipo kujifunga kwa mkuu. Mzee aliyekwenda mjini mapema mara nyingi hakufundishwa tofauti hizo. Aliona tu mama yake akilima mahali fulani kila mwaka, akadhani ni pao. Kumbe ilikuwa bwasa, na mwenyewe yupo.

Tena iko sheria ya Leta. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya Leta, na ya kwamba mtu hupewa tu haki ya kuitumia. Juu ya mashamba yanayokaliwa kwa desturi, sheria ile iliahidi kwamba amri ya Rais ingeeleza haki za wenyeji. Miongo ikapita pasipo amri hiyo kutoka. Katika pengo hilo wameingia watu wenye fedha na wenye karatasi, na mwananchi mwenye kalinzi ya babu yake amejikuta akishtakiwa kama mvamizi. Kwa hiyo ushahidi wa jirani ni mwema, lakini hautoshi. Na cheti cha ofisi ni chema, lakini kama majirani hawakutambui, cheti hicho hakitakulinda usiku. Mwenye busara hutafuta vyote viwili, tena hutafuta kabla ya kuleta hata jiwe moja la msingi.

Baada ya ardhi twamtaja mama wa nyumba. Mara nyingi mzee huamua peke yake. Mkewe alizaliwa Kadutu, au alitoka upande mwingine wa milima. Biashara yake ya sambaza iko Kadutu sokoni, rafiki zake wako huko, wajukuu wako huko. Kwake kijiji cha mumewe si nyumbani, ni ukweni. Akiwa na miaka sitini ataanza upya kama bibi arusi, akisalimu watu asiowajua, akichunguzwa anavyoshika jembe. Na mume akitangulia kufa, itakuwaje? Mila ya huku imezoea kumtazama mrithi wa kiume. Sheria ya Jamaa ya 1987 humpa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja na mumewe, lakini sheria iliyo mjini huchelewa kupanda mlima. Tumeona wajane walioambiwa warudi “kwao” kabla ya matanga kwisha. Mwanamume anayempenda mkewe hulimaliza jambo hilo angali hai, mbele ya ndugu zake wote, tena kwa maandishi.

Kwa sababu hiyo hatuwashauri watu kuuza nyumba ya mjini upesi. Twajua kwamba fedha yake ndiyo ingejenga ile ya kijijini. Hata hivyo, yafaa kuipangisha kwanza mwaka mmoja, kodi ikajenga vyumba viwili tu huko mlimani. Asiyeweza kuzoea atakuwa na mlango wa kurudia. Aliyeuza hana.

Tena pawe mahali pa kufaa. Vijana hujenga popote, maana miguu yao ina nguvu. Mzee hana budi kuuliza maji yako umbali gani, na ni nani atakayeyateka. Bukavu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Anayepanda kuelekea vilima vya juu vya Kabare na Walungu atakutana na baridi kali ya usiku katika miezi ya Juni na Julai, na mifupa yake itamwambia. Anayeteremka bonde la Ruzizi, upande wa Kamanyola, atapata joto na mbu wengi, na malaria aliyoisahau itamkumbuka. Kando ya ziwa ni pazuri sana, lakini uzuri usitupofushe. Mwezi wa Mei 2023, huko Kalehe, mito ilijaa ghafula na kuvifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Uwanja tambarare chini ya mlima uliokatwa miti, penye mto mdogo, hupendeza mzee asiyetaka kupanda kilima. Afadhali apande.

Dawa nayo haisahauliki. Mgonjwa wa moyo au wa sukari ahesabu barabara kwa saa za masika. Katana iko hospitali kubwa ya tangu zama za Wabelgiji. Lakini mahali pengi penye umbali wa kilomita kumi tu kutoka barabara kuu, mgonjwa hubebwa kwa machela. Wabebaji ni vijana, na vijana wengi wako mjini.

Hatuwezi pia kunyamaza juu ya amani. Tangu vita vya 1996 na vya 1998, safari za watu wa Kivu zimekuwa kinyume na zile tunazozieleza hapa: wanakijiji walikimbilia mjini. Na mjini nako si kimbilio la hakika. Februari 2025 Bukavu uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Habari za usalama wa kijiji uwaulize wanaolala huko. Yule anayekuuzia shamba si shahidi wako.

Haya yote yakishatengenezwa, kazi ya shamba yenyewe ina furaha yake, nasi twapenda kuieleza kidogo. Mzee asianze na ng'ombe. Ng'ombe ahitaji malisho na mchungaji, na katika Bushi malisho yamekwisha kwa wingi wa watu. Aanze na dende, wale wanyama wadogo ambao wageni huwacheka: wao hula majani na maganda ya jikoni, huzaa upesi, na mavi yao hurutubisha bustani ya mboga. Migomba aipande kwa uangalifu, maana ule mnyauko uliotokea Masisi mwaka 2001 umeingia hata Kivu ya Kusini. Majani hugeuka manjano na kusinyaa, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na shina likikatwa hutoa usaha. Panga ndilo linaloubeba ugonjwa kutoka mgomba mpaka mgomba. Basi lipitishwe motoni, na ua la dume likatwe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Maharagwe hupandwa Septemba, na mara ya pili Februari. Anayehamia mwezi wa Novemba atanunua chakula sokoni kwa miezi mingi, na jirani zake watamhesabu kuwa tajiri, jambo lisilomfaa hata kidogo.

Na ninyi wanafunzi msomao habari hii, msidhani ni ya wazee peke yao. Babu anapokwenda kuonyeshwa mpaka wa shamba, nenda naye na daftari. Andika mti ulio pembeni, kijito, na jina la jirani wa kila upande. Andika nani alitoa, nani alipokea, ng'ombe wangapi au fedha gani, na mashahidi waliosimama pale. Kisha soma kwa sauti mbele ya wote, kwa Kiswahili na kwa Mashi, bibi naye akiwapo na akisikia. Waweke sahihi au alama ya kidole. Nakala moja ibaki kwa mkuu wa kijiji, moja kwa jirani, na moja kwa babu, ndani ya kopo lisiloingia maji.