Sheria ya Ulaya, kakao ya Beni

Ndugu walimaji, wengi wanatuuliza: sheria ya Ulaya inatuhusu nini sisi wa Beni? Inatuhusu sana. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria: kakao na kahawa zinazoingia kwao zisitoke kwenye shamba lililofunguliwa porini kisha tarehe 31 Desemba 2020. Siku ya kuanza kuitumia wameisogeza zaidi ya mara moja, lakini sheria iko.

Kulinda pori ni vizuri, juu pori njo linatunza mvua yetu. Lakini uzito unaangukia mdogo. Mulimaji aliyekimbia vita, akafungua shamba porini mwaka 2022 ili alishe watoto, kakao yake haitapokelewa Ulaya. Atauzia mnunuzi wa njiani kwa bei ndogo. Na bei ikiwa ndogo, atakata tena pori ili kuongeza shamba.

Tufanye nini? Kila koperative iandike mwaka ambao shamba la kila mwanachama lilifunguliwa. Shamba lisilozidi hektari 4 linaomba pointi moja tu ya GPS. Hata simu inaipata. Daftari hilo mulitunze nyinyi wenyewe, lisibaki kwa mnunuzi. Mwenye daftari njo mwenye sauti kwenye bei.