Mafuriko Yasiyo na Mawingu: Mto Tana na Usimamizi wa Maji Katika Nyanda Kame

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Usemi huu una mashiko katika sehemu nyingi za nchi, lakini wakazi wa kingo za Mto Tana, kuanzia Garissa hadi Garsen, hawawezi kuutegemea. Huko mbingu zinaweza kuwa wazi na jua likawaka, ilhali maji ya mto yanapanda hadi yakafikia milango ya nyumba. Makala haya yanadhamiria kueleza chanzo cha hali hiyo na kubainisha kwamba katika nyanda kame mafuriko hayahitaji kukomeshwa bali kusimamiwa, kwani maji yanayoangamiza ndiyo hayo hayo yanayoruzuku.

Tana ndio mto mrefu zaidi nchini Kenya. Urefu wake unakaribia kilomita 1,000. Vyanzo vyake vimo katika Mlima Kenya na safu za Nyandarua, ambako mvua hunyesha kwa wingi. Kutoka huko huteremkia nyanda tambarare za mashariki, hupita Garissa, Hola na Garsen, kisha huingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Garissa yenyewe hupata mvua haba, kwa kawaida chini ya milimita 400 kwa mwaka. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya maji yapitayo hapo ni mvua iliyonyesha mbali, juu ya paa za watu wengine. Mto hujaa mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli. Kwa kuwa ardhi ni tambarare, maji yakishavuka ukingo huenea pande zote na hukawia kuondoka.

Jamii za bonde hili zilijifunza zamani kuishi na mafuriko hayo. Wapokomo, ambao ni wakulima, hupanda mpunga, mahindi na ndizi kandokando ya mto, katika ardhi iliyonyweshwa na kurutubishwa na matope ya mafuriko. Waorma, ambao ni wafugaji, huswaga ng'ombe wao hadi kwenye delta wakati wa kiangazi, kwa maana malisho ya huko hubaki mabichi baada ya nyika kukauka. Samaki nao huzaana katika maziwa madogo yanayojazwa na mto. Mwaka ambao mto haukufurika kamwe haukuwa mwaka wa heri. Ulikuwa mwaka wa njaa. Tena, maji na malisho yanapopungua, mkulima na mfugaji hukutana katika kipande kile kile cha ardhi. Ugomvi wa aina hiyo, ukichangiwa na siasa, ulikuwa miongoni mwa sababu za mapigano ya mwaka 2012 na 2013 katika delta, ambayo yaliua zaidi ya watu 100.

Hali ya mto ilibadilika mabwawa ya umeme yalipojengwa katika sehemu yake ya juu: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Masinga ndilo ghala kuu, na lilikusudiwa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Hapa pana mgongano wa matakwa. Mzalishaji wa umeme hutaka bwawa lijae mvua zinapokwisha, ili mitambo izunguke kiangazi kizima. Anayehofia mafuriko hutaka bwawa liuanze msimu likiwa na nafasi. Isitoshe, udongo unaomomonyoka kutoka mashamba ya milimani hutua chini ya bwawa na kuipunguza nafasi hiyo mwaka baada ya mwaka.

Matokeo yake ni kwamba mafuriko madogo, yale ya manufaa, yamepungua, ilhali makubwa hayakuzuilika. Bwawa likishajaa halina budi kuyaachilia maji yanayozidi. Ndivyo yalivyoshuhudiwa mafuriko makubwa katika mvua za El Niño za 1997 na 1998, mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na tena 2024. Aprili 2024 watu kadhaa walifariki mashua ilipozama katika maji yaliyoifunika barabara ya kuingia Garissa. Zaidi ya hayo, miaka ya utulivu huwashawishi watu kujenga karibu zaidi na mto, wakisahau kuwa maji hufuata mkondo.

Hata hivyo, si maji yote ya nyanda kame yanayohitaji mabwawa makubwa. Katika Kaunti ya Kitui, inayopakana na ya Tana River, mito mingi ni ya msimu: hutiririka kwa siku chache, kisha hubaki mchanga mtupu. Wenyeji hujenga ukuta imara kukatiza mto wa aina hiyo. Kila furiko huleta mchanga unaojikusanya nyuma ya ukuta, na maji hujificha baina ya chembe zake, mahali ambapo jua haliwezi kuyakausha upesi. Kiangazi kinapofika, watu huchimba na kuteka. Ukuta huo hauwezi kuizuia gharika ya Tana, lakini huthibitisha kwamba furiko linaweza kuwekwa akiba.

Kwenye Tana kwenyewe, mambo matatu yana umuhimu. Kwanza, ratiba ya kuachilia maji izingatie shamba na malisho pamoja na mitambo ya umeme. Pili, makao, shule na zahanati zijengwe mahali pa juu, huku kingo zikiachiwa kilimo na mifugo. Tatu, maonyo yatolewe mapema na kwa lugha zinazoeleweka: Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kiswahili. Tangazo la mita za ujazo kwa sekunde halimsaidii mama mwenye watoto na mbuzi. Anachohitaji kujua ni kama maji yatafika shuleni au yataishia shambani, na ni siku gani. Umbali kutoka mabwawani huwapa watu muda wa kuhama, lakini muda huo una faida kwa aliyepata habari tu. Kwa mkazi wa Tana, dalili ya mafuriko haimo mawinguni. Imo Masinga na Kiambere, na ni haki yake kuambiwa.